Mwanga Uliotokana na Pamba na Chumvi

Wengi wetu tuliosoma vijijini tulidurusu kwa taa ya karabai, lakini ni wachache wanaomjua aliyebuni kile kifuko cheupe kinachong'aa ndani yake. Huyo ni Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria aliyezaliwa Vienna mwaka 1858 na kufariki mwaka 1929.

Sisi wanaisimu tuna udugu naye. Babake, Alois Auer, alikuwa mkuu wa kiwanda cha uchapaji cha serikali mjini humo, na aliichapisha Sala ya Bwana kwa mamia ya lugha. Mwana alichagua kemia, akasomea Heidelberg chini ya Robert Bunsen. Mnamo 1885 alidhihirisha kwamba didimiamu, iliyodhaniwa kuwa elementi moja, kwa hakika ilikuwa mbili. Jina hilo la kale lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pacha. Naye akaziita praseodimiamu na neodimiamu, yaani pacha wa kijani na pacha mpya.

Mbinu yake ya kuunda kifuko ilikuwa nyepesi ajabu. Alichovya kitambaa cha pamba katika maji yenye chumvi za metali adimu, akakikausha, kisha akakichoma. Pamba iliteketea, ikabaki oksaidi tupu iliyohifadhi umbo la nyuzi na vitundu vyake. Ilipopata moto wa gesi, iling'aa.

Hata hivyo, vifuko vya awali vilivunjika upesi, na mwanga wake wa kijani haukupendeza. Wanunuzi walivikataa, na mwaka 1889 kiwanda chake kikafungwa. Auer alirejea maabarani. Huko aligundua kwamba oksaidi ya thoriamu, kadiri ilivyozidi kusafishwa, ndivyo ilivyozidi kufifia. Kumbe siri ya mwanga ilikuwa katika seriamu kidogo iliyochanganyika nayo! Mwaka 1891 alitoa kifuko chenye thoriamu asilimia 99 na seriamu asilimia 1, nacho kikaenea duniani. Hata mabaki ya uchimbuaji wa thoriamu hakuyatupa: mwaka 1903 aliichanganya seriamu na chuma, akapata jiwe la kiberiti cha mkononi.

Siku hizi vifuko vingi hutumia itriamu, maana thoriamu ina mnururisho. Lakini watafiti wa oksaidi zenye vitundu vidogo mno wangali wakichovya pamba katika chumvi na kuichoma.

Sisemi kwamba wakuu wa elimu wasamehewe wajibu wa kujenga maabara. Auer mwenyewe alikuwa na mwalimu hodari na mahali pa kufanyia kazi. Ninalosikitikia ni mwanafunzi anayekariri fomula miaka minne bila kuchoma wala kuchuja chochote, eti kwa sababu vifaa ni ghali. Walimu wenzangu, pamba, chumvi na moto tunavyo. Tuanzie hapo.