Mkono wa Daktari Livingstone

Ukitoka Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, ukashika njia ya kusini, utaingia nchi ya Mwata Kazembe. Novemba 1867 alipita huku daktari wa Kiskoti mwenye miaka 54, akifuatana na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kilema.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari kibarua katika kiwanda cha pamba. Alifuzu udaktari Glasgow mwaka 1840, kisha akaja kusini mwa Afrika akiwa mmishonari.

Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba aliyejeruhiwa kwa risasi alimrukia. Msaidizi wake, Mebalwe, ndiye aliyemgeuzia simba kwake, naye akang'atwa. Livingstone alibaki na alama 11 za meno, na mfupa ulio kati ya bega na kiwiko ukasagika. Haukuunga sawasawa. Pale palipovunjika pakawa kama kiungo cha pili, na kuuinua mkono juu ya bega kukawa shida.

Wenzetu wa kitivo cha tiba wanajua hatari iliyokuwapo. Nyuma ya mfupa huo unapita mshipa wa fahamu ambao hujizungusha ukiwa umeugusa kabisa, kisha hushuka kwenye kigasha. Ndio unaoamrisha misuli inayonyanyua kiganja na kunyoosha vidole. Ukikatika au ukibanwa na mfupa uliovunjika, kiganja huning'inia, na mtu hata kikombe hukishika kwa taabu, ijapokuwa vidole vyenyewe ni vizima. Mishipa mingine miwili mikubwa hupita upande wa ndani wa mkono. Mmoja wao ndio ule unaotutia ganzi mpaka kidole cha mwisho tukigonga kiwiko.

Kwa maoni yangu, mishipa hiyo ilinusurika. Livingstone aliendelea miaka mingi kupima jua na nyota ili ajue mahali alipo, na chombo cha kazi hiyo kwa kawaida hushikwa kwa mkono wa kulia, huku vidole vya kushoto vikikirekebisha polepole. Mkono ulioning'inia usingeiweza.

Kwa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa huko miaka mingi, na baadaye wakaondoka. Mwanzoni mwa 1869 Livingstone aliugua mapafu, hakuweza tena kutembea. Muhammad Bogharib, mfanyabiashara, alimpa dawa akaamuru abebwe kwa machela kuelekea Ujiji. Kwetu Waislamu habari hii ni nzito kuisoma, maana misafara iliyomlisha na kumbeba ilikuwa pia ya biashara ya watumwa, ile aliyoipinga maisha yake yote.

Alifariki Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, alimpasua, akatoa viungo vya ndani na kutia chumvi. Moyo ukazikwa palepale chini ya mti. Mwili ulianikwa juani wiki mbili, kisha Abdullah Susi, Chuma na wenzao wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo.

London, Aprili 1874, uso haukutambulika. Daktari mpasuaji William Fergusson alipapasa mkono wa kushoto, akakikuta kile kiungo cha pili. Tarehe 18 Livingstone akazikwa Westminster Abbey.