Sonara Aliyefunika Kanisa

Mwaka wa 1418 kanisa kuu la Florence, Italia, bado lilikuwa na shimo juu, upana wake zaidi ya mita 40. Mbao za kuegemeza kuba kubwa namna hiyo zingetoka wapi?

Filippo Brunelleschi, aliyezaliwa mwaka wa 1377, alikuwa amesomea usonara, si uashi. Tena mwaka wa 1401 alishindania kazi ya milango ya shaba ya jengo la ubatizo, ikamwendea Ghiberti. Nadhani uchungu huo haukumwisha upesi.

Basi jamaa akasema atajenga bila kiunzi cha kutoka chini. Kazi ilianza mwaka wa 1420, na msimamizi mwenzake alikuwa nani? Ghiberti yule yule! Brunelleschi alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, matofali yakipangwa kama miba ya samaki ili yashikane hata kabla chokaa haijakauka. Mawe yalipandishwa kwa mashine aliyoibuni mwenyewe, iliyozungushwa na maksai. Hata kushusha mzigo, maksai hawakugeuzwa!

Kuba ilifungwa mwaka wa 1436. Mnara mdogo wa kileleni hakuuona ukiisha. Alifariki mwaka wa 1446, akazikwa humo humo kanisani.