Joginder Singh

Joginder Singh Bhachu (Kericho, Kenya, 9 Februari 1932 - London, Uingereza, 20 Oktoba 2013) alikuwa fundi na dereva wa mbio za magari kutoka nchini Kenya. Alishinda mashindano ya Safari Rally mara tatu: mwaka 1965, 1974 na 1976. Alikuwa dereva wa kwanza asiye na asili ya Ulaya kushinda mashindano hayo.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Kalasinga yenye asili ya Punjab. Alijifunza ufundi wa magari, na mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa fundi wake wa kwanza wa doria, yaani wa kuwasaidia madereva walioharibikiwa njiani. Mwaka uliofuata alianza kushiriki Safari.

Mashindano ya Safari

Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika (baadaye Tanzania). Upande wa Tanzania, sehemu za Mbulu na milima ya Usambara ziliogopwa sana. Magari yalikimbia katika barabara za kawaida zinazotumiwa na watu wote, penye vumbi, mawe, tope na mito iliyofurika. Kila dakika ya kuchelewa kufika kituoni ilihesabiwa kuwa adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda.

Kwa sababu hiyo gari lenye mbio kuliko mengine halikuwa na uhakika wa kushinda. Gari lilihitaji bodi imara, springi na shokapu za kustahimili mashimo, nafasi ya kutosha kati ya injini na ardhi, bamba la chuma la kukinga injini kwa chini, na muundo ambao fundi angeweza kuutengeneza haraka porini. Gari lililovunjika ekseli lilipoteza katika saa moja yote liliyoyapata kwa mwendo kasi.

Ushindi

Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake Jaswant walitumia Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Kiwanda cha Volvo kilikuwa kimeileta kwa Safari ya mwaka 1964. Ndugu hao waliishinda Safari bila kuwa timu ya kiwanda.

Mwaka 1974, akiwa na David Doig, alishinda kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, aliyeendesha Porsche 911 yenye nguvu zaidi. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na magari ya Lancer yakachukua nafasi zote tatu za kwanza.

Urithi

Joginder alishiriki Safari mara 22 na kumaliza mara 19, katika mashindano ambayo mara nyingi magari mengi zaidi yaliishia njiani kuliko yaliyofika mwisho. Rekodi yake ya ushindi ilipitwa na Mkenya Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano. Hata hivyo, Joginder anabaki mfano wa dereva aliyelijua gari lake kama fundi, akijua lini alihimize na lini alihurumie.