Bwana Richard Martin, Mtetezi wa Farasi na Punda (1754–1834)

Magharibi ya Uingereza kipo kisiwa kiitwacho Irlandi, ambacho watu wake wengi walidumu katika dini katolika hata walipotawaliwa na Waingereza waliojitenga na Papa. Kwa sababu ya dini yao walitungiwa sheria nyingi za kuwaonea. Mkatoliki hakuweza kuketi katika Bunge, wala kuchukua silaha. Tena kwa sheria ya mwaka 1695 alikatazwa kuwa na farasi wa thamani iliyopita pauni 5. Mprotestanti akimwona Mkatoliki juu ya farasi mzuri, aliweza kumtolea pauni 5 na kwenda zake na mnyama, hata kama thamani yake ilikuwa mara kumi. Msomaji aikumbuke sheria hiyo. Mtu anayesimuliwa hapa alizaliwa ingali na nguvu, naye ndiye aliyeleta baadaye sheria nyingine juu ya farasi, isiyofanana na ile hata kidogo.

Richard Martin alizaliwa mwaka 1754. Wazee wake walikuwa wakatoliki, wenye ardhi kubwa sana katika Connemara, upande wa Galway, nchi ya mawe na maziwa na mvua isiyokoma. Lakini baba yake aliiacha dini ya wazee na kumlea mwanawe katika dini ya Kiprotestanti, ili mlango wa Bunge usifungwe mbele yake. Mama yake, binti wa Lord Trimlestown, alikufa mtoto angali mdogo. Richard akapelekwa Uingereza katika shule ya Harrow, na huko alimpata mwalimu Samuel Parr, ambaye pamoja na Kilatini aliwafundisha wanafunzi wake kuwahurumia wanyama. Mwalimu hajui ni neno lipi litakaloshika moyoni mwa mtoto. Kilatini cha Martin hakuna anayekikumbuka leo.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Katika ujana wake alikuwa mtu wa bastola. Desturi ya mabwana wa wakati ule ilikuwa kwamba aliyetukanwa humwita adui yake uwanjani, wakasimama wawili na kupigana risasi kwa ajili ya heshima, jambo ambalo Eklezya imelikataza siku zote. Martin alifanya hivyo mara nyingi mno, hata watu wakampa jina la mtu mwepesi wa kufyatua. Mara moja sababu ilikuwa mbwa. Bwana mmoja mkorofi, George Robert FitzGerald, alimpiga risasi mbwa mkubwa wa nyumba ya Lord Altamont, mbwa aliyependwa na wote. Na Martin hakuisamehe damu ile mpaka walipokutana na bastola mkononi katika mji wa Castlebar. Wote wawili walitoka hai. Huruma yake ilianza hivyo, imechanganyika na hasira.

Huko kwake Ballynahinch alikuwa kama mfalme mdogo. Ziwani palikuwa na kisiwa chenye mnara wa zamani, na wanasimulia kwamba mpangaji aliyempiga punda wake kwa ukatili alifungwa humo, akavuta siku zake akitazama maji. Hiyo haikuwa sheria bado. Ilikuwa amri ya tajiri kwa maskini, nayo iliishia mahali ardhi yake ilipoishia.

Aliingia Bunge la Irlandi mwaka 1776, na tangu mwaka 1801 aliketi katika Bunge la London. Humo aliwatetea wakatoliki wapewe haki zao, ingawa yeye hakuwa mmoja wao tena. Alitaka pia mtu aliyeandika hati za uwongo asinyongwe kwa kosa hilo, na mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la kifo apewe wakili. Lakini jambo lililomfanya ajulikane kote ni lile alilokuwa akiliona kila siku katika njia za London.

Kazi inayofanywa leo na malori, wakati ule ilifanywa na farasi. Farasi alivuta makaa, mawe, pombe na abiria, na alipochakaa hakupumzishwa. Aliuzwa kwa mtu maskini zaidi, naye akamuuza kwa mwingine, na kila bei iliposhuka fimbo iliongezeka. Upande wa pili walikuwapo farasi wa mbio, mali ya mabwana wakubwa. Hao walikula vizuri kuliko watoto wengi wa mji, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumsugua na kumfunika nguo. Lakini siku ya mashindano nao walijua uchungu. Kwa desturi ya zamani farasi alikimbizwa maili 4, akapumzishwa kidogo, akarudishwa kukimbia maili 4 tena siku ile ile, mpaka mshindi ajulikane. Halafu mbio zikafupizwa, lakini wakaanza kukimbiza wanyama wachanga, wa miaka 3 na hata 2, ambao mifupa yao haijakomaa. Mpandaji alikuwa na mjeledi mkononi na miiba ya chuma visiginoni, navyo alivitumia hasa karibu na mwisho, farasi alipokuwa amekwisha choka, kwa maana fedha nyingi zilikuwa zimewekwa juu ya miguu yake.

Mwaka 1791 palitokea fitina kubwa katika kiwanja cha Newmarket. Farasi wa mwana wa mfalme, jina lake Escape, alishindwa siku moja, na kesho yake akashinda. Waliopoteza fedha wakanung'unika kwamba mpandaji alimzuia makusudi siku ya kwanza ili dau la siku ya pili liwe nono. Wakuu wa mashindano wakachunguza, na mwana wa mfalme akachukia, akaondoka Newmarket. Waliuliza habari za fedha, waliuliza uaminifu wa mpandaji, nao walifanya vema kuuliza. Haisikiki kwamba waliuliza habari za mnyama. Haki ya mashindano wakati ule ilikuwa mabwana wasiibiane wao kwa wao. Mwana wa mfalme huyo ndiye aliyetawala baadaye kwa jina la George IV, naye alikuwa rafiki wa Martin. Ndiye aliyembandika jina la Humanity Dick, maana yake Dick mwenye utu.

Mwaka 1809 Lord Erskine alijaribu kupata sheria ya kuwalinda wanyama, akashindwa. Mwaka 1821 Martin akajaribu tena. Alipokuwa akisema habari za farasi, mjumbe mmoja akashauri punda nao watiwe, na Bunge zima likaangua kicheko. Mwingine akasema kwamba baada ya punda watakuja mbwa, na sauti ikaitika kuwa paka pia watakuja. Wakubwa wa taifa walicheka mpaka maneno hayakusikika. Mswada ulianguka. Martin hakuita mtu uwanjani kwa bastola safari hii. Alirudi mwaka uliofuata na karatasi ile ile, na tarehe 22 Julai 1822 ikapata kibali cha mfalme. Inahesabiwa kuwa sheria ya kwanza ya namna hiyo iliyopitishwa na Bunge. Iliamuru kwamba mtu anayempiga au kumtesa kwa ukatili farasi, nyumbu, punda, ng'ombe au kondoo alipe faini isiyopungua shilingi 10 wala kupita pauni 5, au akikosa kulipa afungwe, muda usiopita miezi 3.

Sheria imepatikana, lakini nani wa kuishika? London haikuwa na polisi bado kama wa leo. Martin mwenyewe, mzee wa miaka 68, akaenda sokoni Smithfield mahali farasi na ng'ombe walipouzwa, akashika watu na kuwapeleka mbele ya hakimu. Wanasimulia habari ya mchuuzi wa mboga, Bill Burns, aliyeshtakiwa kwa kumpiga punda wake. Watu waliofika barazani walikuwa wakitania, na hakimu alielekea kuliona jambo lenyewe dogo. Ndipo Martin akaomba shahidi aingizwe, na shahidi alikuwa punda. Akaletwa na majeraha yake, akasimama katikati ya baraza. Burns akatozwa faini. Kesho yake mji mzima ulicheka, na wachoraji wakamchora Martin na punda wake. Lakini wachuuzi wakajua kwamba mtu anaweza kuhukumiwa kwa mgongo wa mnyama.

Hapa adui zake walipata neno, nalo lilikuwa neno zito. Walisema sheria hii ni fimbo ya tajiri juu ya maskini. Mchuuzi akimpiga punda wake anaitwa barazani. Bwana anayempiga mjeledi farasi wa mbio mbele ya maelfu ya watu anapigiwa makofi na kupewa kikombe cha fedha. Karatasi ya sheria haikutenga farasi wa mkokoteni na farasi wa Epsom. Waliokuwa wakishtakiwa, hata hivyo, walikuwa watu wa mikokoteni. Martin alikuwa bwana kati ya mabwana, na desturi zao zilikuwa zake. Viwanja vyao vya mbio hakuvigusa. Hilo haliwezi kufichwa. Walakini mara nyingi, hakimu alipokwisha kumtoza mtu maskini faini, Martin alitia mkono mfukoni mwake na kumlipia. Watu walimwona kichekesho, mtu anayeshtaki na kulipa. Pengine alikuwa amelisikia lile neno kuliko walivyodhani.

Tarehe 16 Juni 1824, katika nyumba moja ya kahawa ya London, padri wa Kianglikana Arthur Broome aliwakusanya watu ili kufanya chama cha kuzuia ukatili juu ya wanyama. Martin alikuwapo, na William Wilberforce pia, yule aliyepigana miaka mingi ili biashara ya watumwa ikomeshwe. Chama kilikosa fedha upesi. Mwaka 1826 Broome alifungwa kwa ajili ya madeni yake.

Madeni yalimpata Martin pia. Mwaka 1826 alichaguliwa tena, lakini ikathibitika kwamba watu wake walitumia vitisho katika uchaguzi, na mwaka 1827 kiti chake kikaondolewa. Asiye mjumbe wa Bunge aliweza kufungwa kwa deni, naye akakimbilia Ufaransa, mjini Boulogne, kando ya bahari. Alikuwa huko mwaka 1829, wakatoliki walipopewa haki ya kuketi Bungeni. Alikufa huko tarehe 6 Januari 1834, siku ya Epifania. Mwanawe Thomas alikufa mwaka 1847, wakati wa njaa kubwa ya Irlandi, kwa homa aliyoipata alipokwenda kuwatazama watu wake katika nyumba ya maskini. Na ardhi yote ikachukuliwa kwa ajili ya madeni.

Mwaka 1835 Bunge liliwaongeza fahali na mbwa, na kukataza kupiganisha majogoo. Mwaka 1840 malkia Victoria alikipa chama kibali chake, nacho kipo mpaka leo. Lakini mwaka 1839, huko Aintree karibu na Liverpool, yalikuwa yamekwisha anzishwa mashindano makubwa ya kuruka vizuizi, na siku ile ya kwanza farasi aitwaye Dictator alianguka akafa. Wengi wamekufa pale tangu siku hiyo. Tangu mwaka 2023 mpandaji katika Uingereza haruhusiwi kumpiga farasi mjeledi kupita mara 6 katika mbio za uwanja tambarare, au mara 7 katika mbio za vizuizi; na mwaka 2024 farasi wa Aintree walipunguzwa kutoka 40 hadi 34. Wengine husema imetosha. Wengine huuliza kwa nini mara 6, na kwa nini si hata moja.