Imamu Ghazali na Maradhi ya Shaka

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya: wako wadhanio kuwa kila aliyeingiwa na shaka amekwisha kutoka katika dini. Basi ewe ndugu msomaji, sikiliza habari za mwanachuoni aliyeingiwa na shaka kubwa, kisha akaitwa Hujjatul Islam.

Jina lake ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali. Alizaliwa Tus, katika Khurasan, mwaka 450 wa Hijra (1058). Baba yake alikuwa fakiri. Alipokaribia kufa alimwusia sahibu yake, Sufi, awasomeshe wanawe wawili, Muhammad na Ahmad. Mali kidogo aliyoacha ilipokwisha, mlezi aliwatia madrasa wapate chakula pamoja na ilimu. Baadaye Ghazali alikwenda Nishapur kwa Imamul Haramain Al-Juwaini, akasoma kwake mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 478. Mwaka 484 (1091) Waziri Nidhamul Mulk alimpa kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad, na wanafunzi wapatao 300 wakikaa mbele yake.

Na tangu ujana wake alitaka yakini. Aliona watoto wa Manasara wakikua katika Unasara, wa Mayahudi katika Uyahudi, na wa Waislamu katika Uislamu. Akataka kujua ni lipi la haki na lipi la kuiga wazazi tu. Akayapima macho, akaona hukosea: kivuli huonekana kimesimama, kumbe kinakwenda, nyota huonekana kama dinari, nayo ni kubwa kuliko ardhi. Akaitilia shaka hata akili, kwani aliyelala huisadiki ndoto yake mpaka aamke. Alikaa hivyo karibu miezi miwili, ulimi wake haukutamka lililo moyoni. Akapona, wala si kwa hoja aliyoipanga, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake.

Kisha akazichungua njia za watu: wenye ilimu ya kalamu, Mabatini, wanafalsafa na Masufi. Wanafalsafa hakuwajibu kabla ya kuwajua. Alisoma vitabu vyao peke yake kwa muda usiofika miaka miwili, akatunga kitabu cha kueleza makusudio yao, ndipo akatunga Tahafut kuwarudi katika mas'ala 20. Katika hayo 20, matatu tu aliyahukumia ukafiri: kusema ulimwengu ni wa kadimu, kusema Mungu hajui mambo madogo madogo, na kukanusha kufufuliwa viwiliwili. Na katika Faisal alionya watu wasifanye haraka kumkufurisha Mwislamu.

Mwaka 488 (1095) alijiona anasomesha kwa kutaka jaha. Ulimi ukafungika darasani, chakula hakikushuka kooni. Akaacha cheo na mali, akaenda Sham, Baitul Mukaddas na Hija. Katika miaka hiyo ya kujitenga alitunga Ihyaa. Mwaka 499 alirudi kusomesha Nishapur, kisha akarejea Tus, na huko akafariki tarehe 14 Jumadal Akhir 505 (1111). Sisi Mashafii tungali twala matunda yake, kwani Minhaj ya Imamu Nawawi tuisomayo asili yake hurudi katika Wajiz ya Ghazali.

Nami mwandishi nakiri kosa langu. Kijana mmoja aliniuliza swali la Tauhidi, nikamkaripia mbele ya wenziwe, naye hakurudi tena chuoni. Hakuwa kafiri; alikuwa mgonjwa aliyekuja kwa tabibu, na tabibu akamfungia mlango. Basi enyi walimu wenzangu, mwenye kuuliza mpeni nafasi, na msilolijua semeni hamlijui. Mwenyezi Mungu atusamehe, amrehemu Imamu Ghazali, na azitie nuru nyoyo zetu na za watoto wetu. Amin.