Mfahamu Gaston Planté, Mfaransa aliyetuachia betri ya gari

Ukifungua boneti ya gari, lile boksi zito lenye asidi ndani lilianzia kwa kijana wa Kifaransa wa miaka 25. Anaitwa Gaston Planté. Mwaka ulikuwa 1859, na gari la petroli lilikuwa bado halijaundwa.

Planté alizaliwa Aprili 22, 1834 katika mji wa Orthez, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mdogo wake, Francis, alikuja kuwa mpiga piano maarufu. Gaston yeye akaenda na sayansi. Mwaka 1854 alianza kazi Paris kama msaidizi wa fizikia. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20 tu, aligundua karibu na jiji hilo mabaki ya ndege mkubwa wa kale. Ndege huyo akaitwa Gastornis, kwa heshima yake.

Ikiisha, unachaji tena

Betri za enzi hizo zikiisha, ndiyo basi, unaweka kemikali mpya. Planté alijaribu metali mbalimbali na risasi ikashinda zote. Alichukua mabati mawili ya risasi, akatenganisha kwa vipande vya mpira yasigusane, akayakunja kama mkeka na kuyatumbukiza kwenye asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Hiyo ndiyo betri ya kwanza ya kuchaji. Mwaka 1860 aliipeleka yenye seli 9 mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Ujanja wa sambamba

Shida ikawa kuchaji. Umeme wa ukutani haukuwepo, alitegemea betri za kawaida zenye volti chache. Seli yake moja ilikuwa na volti 2 hivi. Seli 20 zikifuatana kwenye mstari mmoja zingehitaji zaidi ya volti 40.

Alichofanya ni kuziunganisha sambamba, yaani chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Hapo volti inabaki ya seli moja, hata ziwe nyingi vipi. Zikishajaa, anageuza swichi, zinapangwa kwa kufuatana na volti zinajumlishwa. Kwa njia hiyo alifikisha seli 800 akichunguza mambo kama radi.

Kilichombeba ni kwamba seli zake zilikuwa za aina moja. Hapo ndipo wengi wetu tunachemka.

Chukulia ndoo mbili zilizounganishwa kwa mpira chini. Maji yatakaa usawa mmoja, na moja ikivuja, zote zinakauka. Ukifunga betri mpya sambamba na ya zamani, mpya inamwaga umeme kwa mwenzake. Asubuhi unageuza funguo, kimya.

Ukichanganya betri ya maji na ya jeli, au ya lithiamu, mambo yanazidi kuwa magumu, kwa sababu kila aina ina volti yake ya kujaa. Moja inabaki nusu, nyingine inachajiwa kupita kiasi na kuchemka.

Ndiyo maana kwenye gari lenye betri ya pili ya friji au redio, fundi makini huweka relei ya kuzitenganisha injini ikizimwa. Zikiwa za aina tofauti, ya pili hupewa chaja yake. Na kama lazima zikae sambamba muda wote, nunua mbili zinazofanana, za umri mmoja.

Hakuona mwisho wake

Mwaka 1881, Gustave Trouvé aliendesha Paris baiskeli ya umeme ya magurudumu matatu kwa betri za aina ya Planté. Mwaka huohuo Camille Faure aliboresha mabati ya risasi yashike chaji nyingi zaidi.

Planté alifariki Mei 21, 1889, akiwa na miaka 55. Miaka 23 baadaye, mwaka 1912, Cadillac ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, na betri ya risasi ikapata makao yake kwenye gari. Haijatoka hadi leo.