Lord Stanley: Mwislamu wa kwanza katika Bunge la Malodi

NDUGU msomaji, miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu aliwafungulia nyoyo zao kwa Uislamu katika karne ya 19 ni Henry Stanley wa Uingereza, ambaye historia yake wengi wetu hatuijui.

Alizaliwa Julai 1827, mtoto wa kwanza wa kiume wa Lord Stanley wa Alderley. Baba yake alipata kuwa waziri, na mama yake, Henrietta, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Girton, chuo cha wanawake cha Cambridge. Henry alijifunza Kiarabu huko huko Cambridge, kisha akaingia Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1847. Alitumikia ubalozi wa nchi yake mjini Istanbul na baadaye Athens. Mwaka 1859 aliacha kazi hiyo, akasafiri katika nchi za Mashariki na kusilimu.

Habari hizo hazikupokewa kwa furaha nyumbani kwao. Hata hivyo, baba yake alipofariki mwaka 1869, Henry ndiye aliyerithi cheo na mashamba, akawa Mwislamu wa kwanza kuketi katika Bunge la Malodi. Humo hakusita kuwatetea watu wa India waliokuwa chini ya utawala wa Waingereza.

Familia hiyo ilikuwa ya ajabu. Ndugu yake Algernon alikuwa askofu wa Kikatoliki, na Lyulph hakufuata dini yoyote. Mpwa wao, mwanafalsafa Bertrand Russell, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi wajomba hao walivyokuwa wakibishana mezani kwa bibi yake siku za Jumapili. Pamoja na hayo yote, meza ilibaki moja, na undugu haukukatwa.

Lord Stanley alifunga vilabu vya pombe katika ardhi yake. Wakati huo huo aligharimia ukarabati wa makanisa ya wapangaji wake katika kisiwa cha Anglesey. Kanisa la Llanbadrig, lililokarabatiwa mwaka 1884, lina vigae vyenye nakshi za Kiislamu hadi leo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunamdai shukrani ya pekee. Mwaka 1866 alitoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Mreno Duarte Barbosa, chenye maelezo ya Kilwa, Mombasa na Malindi za mwanzoni mwa karne ya 16, miji ya Waislamu, ambayo kati yake Kilwa na Mombasa zilishambuliwa na Wareno.

Mkewe, Fabia, alikuwa Mhispania. Walioana mwaka 1862 na hawakujaaliwa mtoto. Hivyo alipofariki Desemba 1903, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, cheo kilimwendea Lyulph. Alizikwa Alderley kwa taratibu za Kiislamu, na imamu wa ubalozi wa Uturuki aliongoza mazishi. Huko Liverpool, Sheikh Abdullah Quilliam na Waislamu wa mji huo walimswalia.

Ndugu zangu, wapo leo waliosilimu huku wazazi na ndugu zao wakibaki katika dini nyingine. Wengine huwakimbia jamaa zao, na wengine huificha dini yao kwa kuwaogopa. Lord Stanley hakufanya moja kati ya hayo. Alishika dini yake kwa zaidi ya miaka 40, na akaendelea kuketi na jamaa zake.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie subira ya namna hiyo. Amin.